Muuguzi wa Karatasi za Waridi

Saa tatu asubuhi, Lorna Pruett anapangusa meza ya jikoni ambayo si yake. Anasogeza kando vichupa vya dawa, gazeti la wiki iliyopita na sahani yenye maganda ya mayai, kisha anaweka karatasi ya rangi ya waridi mbele ya Arvid Tveit. Ni Agosti, ngano imekwisha kuvunwa, na nje hakuna kitu ila mabua na upepo. Nyumba ya jirani iko umbali wa maili tisa.

"Umekuja kuniua leo?" anauliza mzee Tveit, mwenye miaka themanini na minne.

"Leo maswali tu. Kuua ni Ijumaa," anajibu Lorna, na mzee anacheka mpaka anaishiwa pumzi.

Lorna, 58, ni muuguzi wa kliniki ya mji mdogo mashariki mwa jimbo la Oregon. Kazi yake ni kukaa na watu ambao ugonjwa umewafikisha ukingoni, kuwauliza wanataka watendewe nini siku moyo utakaposimama, na kuandika majibu yao. Daktari akiitia saini karatasi ile inakuwa amri, na watu wa gari la wagonjwa wataitii hata kama mgonjwa hawezi tena kusema. Hubandikwa kwenye mlango wa friji. Sehemu hizi, mtu wa kikosi cha dharura akiingia nyumbani mwako, hutazama friji kabla hata hajakusalimu.

Wagonjwa wake ni arobaini na mmoja, nao wametawanyika kama mbegu zilizopeperushwa. Kuendesha maili mia mbili kwa siku si ajabu kwake. Mchana hula mkate akiwa nyuma ya usukani. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita.

"Nikifika nyumbani nawasha redio kabla sijavua viatu," anasema. "Wala sisikilizi. Nataka tu mtu awe anaongea."

Yako mambo asiyopenda kuyasimulia, na moja ni la Bernice Lusk. Mwanawe Bernice alimnunulia friji mpya kwa siku yake ya kuzaliwa. Wabebaji wakaondoka na ile ya zamani, karatasi ya waridi ikiwa bado mlangoni, na hakuna aliyekumbuka. Nakala ilitakiwa iwe imekwisha kufika kwenye orodha ya jimbo ya karatasi hizo, ambako kikosi hupiga simu kuuliza. Ilikuwa ndani ya mkoba wa Lorna.

"Ilikuwa Ijumaa jioni. Nikasema nitaituma Jumatatu."

Jumapili Bernice akaanguka, moyo umesimama. Kikosi kilimkandamiza kifua mpaka mbavu zikavunjika, akapelekwa hospitali ya mbali na kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Akakaa siku kumi na moja, akafa bila kusema neno. Karatasi yake ilikuwa imekataa yote hayo.

"Wale walifanya kazi yao vizuri sana," anasema Lorna. "Kosa ni langu. Nalala nalo, naamka nalo."

Basi asubuhi hii ya Agosti ana haraka. Moyo wa mzee Tveit umechoka, miguu imevimba, na daktari amesema huenda asiione theluji. Lorna amemfahamu mwaka mzima sasa, na mara tatu mzee amemwambia anataka kufa kwenye kitanda alichofia mkewe, Solveig, bila mipira ya kupumulia wala mashine. Kilichobaki ni kutia alama tu.

"Moyo ukisimama, tujaribu kuurudisha, au tukuache uende?"

"Fanyeni kila kitu," anasema mzee.

Lorna anaweka kalamu chini. "Mzee, si wewe uliyesema mtu akikuletea mpira utamng'ata?"

"Nitamng'ata kweli."

"Sasa?"

Mzee ananyoosha kidole dirishani, kwenye mabua. "Nikisema msinifanye kitu, nani atakuja? Watasoma hiyo karatasi wageuze gari. Nitakufa hapa nikitazama dari. Heri wanivunje mbavu, angalau kutakuwa na mtu amenishika."

Mwandishi wa makala haya aliinamia daftari lake, kwa kuwa hakujua pengine pa kutazama.

Lorna alimweleza taratibu kwamba watakuja vilevile, watamtuliza maumivu na kumsaidia apumue bila dhiki. "Kutokukufufua si kukutupa, mzee wangu."

"Imeandikwa wapi hiyo?"

Lorna akatafuta. Karatasi ina visanduku vya moyo, vya pumzi, vya hospitali na vya kulishwa kwa mpira. Cha hilo hakuna. Chini kabisa pana mstari mtupu wa maagizo mengine, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuandika hapo ila mambo ya dawa. Akaandika: *Asiachwe peke yake.*

Mzee aliisoma, akaomba kalamu, akatia alama mwenyewe: asifufuliwe.

Mchana ule daktari Okimoto wa kliniki aliisoma mara mbili. "Lorna, hii si tiba. Siwezi kuamuru watu wakae na mtu."

"Unaweza kuamuru wasimfufue, lakini wakae naye huwezi?"

Akatia saini. Nakala ikatumwa kwenye orodha ya jimbo saa ileile, na nyingine Lorna akampelekea Peg Hollis, dereva wa basi la shule anayeongoza kikosi cha dharura cha watu saba wa kujitolea.

Peg aliisoma akakuna kichwa. "Hapa haisemi mpaka awe anakufa," alisema. "Inasema asiachwe."

Siku ya pili alikuwa mlangoni kwa mzee na bakuli la viazi. Saba wale wakagawana siku za wiki.

"Wananimalizia kahawa," mzee alilalamika mwezi wa Septemba, uso umenawiri. "Na huyo Peg ni mwizi kwenye karata, mwandike gazetini."

Mzee Tveit alifariki Jumanne moja ya Oktoba, saa nane mchana, kitandani mwake. Peg alikuwa amemshika mkono. Hakuna aliyemgusa kifua. Lorna hakuwepo, alikuwa maili tisini mbali, jikoni kwa mtu mwingine. Alisimamisha gari kando ya barabara, akalia, akaendelea na safari.

Sasa anapanga kuwarudia wagonjwa wake wote na swali moja lisilo na kisanduku: nani atakaa nawe? Anataka kila mji wa wilaya hii uwe na watu saba.

Na yeye, nani atakaa naye?

Lorna anazungusha ufunguo wa gari kidoleni. "Peg amesema atakuja Alhamisi. Nikamwambia mimi siumwi. Akasema hajaniuliza kama naumwa. Nimeoka pai mbili. Sijui anapenda ipi."