Picha Mbili Kutoka Bissil

Senge alifika kwangu Kitengela kutoka Bungoma na begi moja kubwa, akaliweka sebuleni na kutangaza kwamba hatalifungua. Senge ni dada ya marehemu baba. Kwetu Wabukusu, dada ya baba akisema neno katika nyumba ya kaka yake, hata wanaume huangalia chini. Alikuwa amekuja kumchukua ndugu yangu mdogo, Wafula, ampeleke kituo cha maombi huko nyumbani. Kituo hicho nimekiona kwa macho yangu. Wagonjwa hufungwa kamba miguuni wasitoroke, na jambo la kwanza wanalonyang'anywa ni dawa za hospitali.

Wafula ana skizofrenia. Husikia sauti ambazo sisi wengine hatuzisikii, na zikimzidi hushindwa kula, kulala, na kuamini hata chai niliyompikia mimi mwenyewe. Siku hizi hudungwa sindano kila mwezi kwenye zahanati ya hapa mtaani, na amepata nafuu ambayo hata majirani wanaiona. Senge haamini sindano.

"Mguu ukivunjika si unaonekana kwa picha?" aliniuliza. "Basi na kichwa ikiwa mgonjwa itaonekana. Nioneshe huo ugonjwa, Nekesa, na mimi nitarudi nyumbani peke yangu. Ukikosa kunionesha, Jumapili tukitoka kanisani naenda na yeye."

"Sawa, Senge," nikajibu. Nilijibu haraka kwa sababu nilijua picha hiyo inapatikana wapi. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameniambia kwamba kuna watafiti wamepeleka Bissil, mji wa soko la mifugo, mashine ya kupiga picha za ubongo, na wanatafuta watu wenye ugonjwa kama wa Wafula, kila mmoja na ndugu yake mzima wa tumbo moja, ili wawalinganishe. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo sikuwa na darasa la kufundisha. Wafula alipoulizwa alikubali. Sikumwuliza kwa nini.

Siku moja kabla ya soko la Bissil, tuliondoka Kitengela baada ya chakula cha mchana. Wafula hawezi kukaa katikati ya watu wengi, hulisikia jina lake katika kila mazungumzo, kwa hiyo nilimwomba jirani yetu Mama Naisula atubebe kwenye pikapu yake. Mama Naisula hununua mbuzi Bissil na kuwauzia wenye vibanda vya nyama choma wa Kitengela. Ni mwanamke wa kucheka kwa sauti, na hana habari ya kunong'ona mbele ya mgonjwa.

"Takwenya, Mwalimu!"

"Iko," nikaitikia. Kimaasai changu huishia hapo.

"Huyu kijana akae kwa dirisha, apate hewa. Wafula, usiogope hii gari. Ni mbuzi tu hupanda na hawarudi. Wewe utarudi."

Wafula alitabasamu. Nilikuwa sijaona meno yake tangu begi la Senge liingie nyumbani.

Isinya tulipita polepole kwa sababu malori yalikuwa yamepangana mbele yetu. Upande mmoja wa barabara zilionekana nyumba za plastiki za mashamba ya maua. Wafula aliwahi kufanya kazi ya umeme katika mojawapo, kutunza mitambo ya chumba cha baridi ambamo maua husubiri kusafirishwa. Nilidhani angegeuza uso. Badala yake aliweka kidole kwenye kioo.

"Ni hapo zilianza," alisema. "Feni za cold room. Nilisikia zinaongea juu yangu. Nikazima zote, moja moja. Zikaendelea kuongea."

Kwa miaka yote hiyo mimi nilijua tu kwamba alifukuzwa kazi kwa kuharibu maua. Mama Naisula aliuliza zilikuwa zinasema lugha gani, na Wafula akamjibu kwamba ni Kiswahili kizuri, kama cha mtangazaji wa redio. Wakacheka wote wawili. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimekasirika kwamba jirani ameuliza katika safari moja swali ambalo sisi wa damu hatujawahi kuliuliza.

Mjini Kajiado tulisimama kunywa chai. Mama Naisula alienda kutafuta kamba za kufungia mbuzi, tukabaki mezani sisi wawili. Wafula alizungusha kikombe chake mpaka chai ikapoa.

"Sista, nikifika nikatae kuingia kwa hiyo mashine, utafanya nini?"

"Nitakasirika," nikasema, "halafu tutarudi nyumbani."

"Hutanisukuma?"

"Sitakusukuma."

Alifikiri kidogo. "Haya. Tuende basi." Akainywa chai yote kwa mkupuo mmoja. Nikalipa, nikijua nimemwahidi jambo ambalo lingeweza kunipotezea ndugu.

Bissil tulifika jua likiwa limelegea, barabara imejaa ng'ombe waliokuwa wakiswagwa kuelekea sokoni kungojea asubuhi. Tulilala kwa mama yake Mama Naisula, bibi mwembamba ambaye kila mtu pale humwita Koko, yaani nyanya. Nilikuwa nimemsihi Mama Naisula amwambie mamake asimguse Wafula, maana tangu kanisa moja limtikise kichwa mbele ya umati, Wafula hataki mkono wa mtu umkaribie. Lakini Koko alipoketi mlangoni, watoto wa boma walikuja mmoja mmoja wakainamisha vichwa mbele yake, naye akamwekea kila mmoja kiganja utosini, kama wanavyosalimiana Wamaasai na watoto wao. Wafula alisimama akitazama. Kisha akajipanga nyuma ya mtoto wa mwisho, mtu mzima na ndevu zake, akainama.

Koko hakushtuka. Alimwekea kiganja, akasema neno moja, akamwachilia kama alivyowaachilia wengine. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikajifanya naangalia mbuzi. Nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Asubuhi, Mama Naisula alitushusha kwenye kituo cha afya, akaenda sokoni kwake. Nilitarajia jengo zito lenye mlango wa chuma. Tukaingizwa katika chumba cha kawaida, na mashine yenyewe ilikuwa na magurudumu, imechomekwa kwenye soketi ya ukutani kama birika la umeme. Mtafiti aliyetupokea alikuwa Daktari Nasieku, msichana wa Bissil hiyo hiyo aliyesomea mbali na kurudi. Alitueleza kwamba mashine hutumia sumaku, kwa hiyo tuvue mikanda na tutoe funguo na simu. Hii ni sumaku ndogo kuliko za hospitali kubwa za Nairobi, picha zake si kali sana, ila inaweza kuletwa mpaka kwa watu ambao hawatafika Nairobi.

"Mimi kwanza," nikasema.

Nililala chali, kichwa kikaingizwa ndani ya kitu kama kofia ya pikipiki. Mashine ikaanza kugonga, kisha kukoroma, kisha kupiga mluzi. Nikatoka shingo imekakamaa, na nikamwigizia Wafula kila sauti niliyoisikia, ili akisikia nyingine ajue hiyo ni yake. Wauguzi walinicheka. Wafula hakucheka, alikuwa akisikiliza kwa makini.

Alipoingia yeye, nilikaa karibu na miguu yake. Mashine iligonga. Vidole vyake vikakunjamana ndani ya soksi. Muda mfupi baadaye alibonyeza kitufe cha mpira alichopewa mkononi ili aombe kutolewa, mashine ikazimwa, akatolewa akihema, jasho likimtiririka.

"Zimeingia," alisema. "Zinaongea chini ya ile kelele."

"Inatosha," Daktari Nasieku akamwambia. "Ukitaka kuacha, tunaacha. Hakuna mtu atakasirika."

Kila kitu ndani yangu kilitaka kumwambia arudi kwenye mashine, nilikuwa naona zile kamba za kituo cha maombi. Lakini nikamwambia, "Twende nyumbani."

"Ngoja," Wafula akasema. Aliketi pale kitandani akipumua, akinitazama. "Wewe unadhani nilikuja sababu ya Senge? Sikuja sababu ya Senge. Kuna kijana mahali saa hii ameanza kusikia feni. Hajui ni nini. Wacha hawa waone kwangu, labda yeye watamjua mapema." Akamgeukia daktari. "Nirudishe. Nikibonyeza tena, nitoe, halafu unirudishe tena."

Alibonyeza tena, mara zaidi ya moja. Kila alipotolewa alifuta jasho na kurudi. Tulikaa pale mpaka mbuzi wa Mama Naisula wakasikika wakilia langoni ndani ya pikapu, naye akaja mlangoni kutuuliza kama tumeamua kuhamia. Wafula alikuwa bado kichwa ndani. Alimaliza.

Ndipo nilipomwomba Daktari Nasieku anioneshe ugonjwa.

Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, si nilisema hii haitatoa majibu ya mtu mmoja?"

Alikuwa amesema, kabla hatujaanza. Nilikuwa nimeitikia huku nikiwaza la kwangu. Akafungua picha zetu mbili kwenye skrini. Ya Wafula haikuwa na doa, wala uvimbe, wala chochote ambacho ningeweza kumwonesha shangazi. Kilichokuwa kwenye skrini ni ubongo, na kando yake ubongo mwingine.

"Fikiria urefu," alinieleza. "Ukipima wanaume wengi na wanawake wengi, utaona wanaume kwa jumla ni warefu kiasi. Lakini nikikuambia kuna mtu urefu wake ni huu hapa, utajua ni mwanamume ama mwanamke?"

"Sitajua."

"Sasa huu ugonjwa ni hivyo. Tofauti ziko, lakini ni ndogo, zinaonekana ukiweka pamoja picha za watu wengi. Kwa picha ya mtu mmoja, hata mimi siwezi kukuambia."

"Kwa hiyo si mgonjwa?"

"Ni mgonjwa. Wewe unajua, na yeye anajua. Ni picha tu ndiyo bado haijui kusema."

Nilikuwa nimeweka ndugu yangu rehani kwa kitu ambacho hakipo. Niliketi kwenye benchi la nje mpaka nikachoka kujionea huruma. Kisha nikarudi ndani, nikamwomba daktari anichapie picha zote mbili, yake na yangu. Alikubali, kwa sharti kwamba tusizifanye cheti cha hospitali. Hazikuwa na majina, ila namba ndogo pembeni.

Njiani kurudi mbuzi walipiga kelele kuanzia Bissil mpaka Kitengela. Wafula alilala usingizi mzito, kichwa kwenye kioo. Nilimweleza Mama Naisula yote, naye akaniuliza nitafanya nini. Nikamwambia kwamba Wafula haendi kufungwa kamba, hata kama Senge atanikana.

Jumamosi jioni, Kitengela, tulikaa kikao sebuleni, begi la Senge likiwa pale pale. Niliweka picha mbili mezani.

"Ya Wafula ni gani?" Senge akauliza.

"Chagua, Senge. Ulisema ugonjwa utaonekana."

Alivaa miwani. Aliziinua kwenye taa, akazilinganisha kwa muda mrefu, mdomo wake ukitikisika, na niliona kwamba alikuwa anaomba. Mwishowe aliweka kidole kwenye weusi ulio katikati ya mojawapo, ule wenye umbo la kipepeo.

"Hii," akasema, sauti imejaa machozi. "Maskini mtoto wa kaka yangu. Angalia hii giza yote. Huyu ndiye wa kupelekwa."

"Hiyo ni yangu, Senge. Mimi sina ugonjwa, na daktari anasema hilo giza tunalo sote." Nikamwonesha namba yangu pembeni.

Aliirudisha mezani taratibu. Nilidhani nimeshinda. Lakini Senge si mtu wa kuanguka kwa pigo moja.

"Basi hiyo nyingine haina kitu," alisema. "Na tulikubaliana. Ukikosa kunionesha, naenda na yeye."

Hoja zote za daktari zilikuwa zimenitoka.

"Senge," Wafula akasema. Alikuwa ameketi kando ya mlango, mahali anapoketi siku zote tunapomjadili. "Mmeuliza mganga, mmeuliza pasta, sasa mmeuliza mashine. Mimi niko hapa. Niulize mimi."

Senge alimgeukia. Nami nikamgeukia.

"Sauti ziko," alisema. "Kabla ya sindano zilikuwa zinapiga kelele mpaka siwezi kukusikia hivi ukiongea. Sasa ziko mbali. Ukiniombea nitashukuru, hata leo. Lakini kamba sitaki, na sindano siachi. Hiyo ndiyo iko."

Nilikuwa nimesafiri hadi Bissil kutafuta kitu cha kumsemea ndugu yangu, na kumbe alichokosa ni sisi kumwuliza na kunyamaza ajibu. Hilo ndilo nililojifunza, na nililijifunza nikiwa nimerudi kwenye sebule yangu mwenyewe.

Senge alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena ingawa hakukuwa na kitu cha kusoma.

"Hiyo sindano," alimwuliza Wafula, "wanadunga lini?"

"Jumatano."

"Mbali?"

"Hapana. Ni hapa tu mtaani."

Senge akalivuta begi lake karibu, akalifungua zipu, akatoa kanga. "Mimi sindano naziogopa," alisema. "Lakini Jumatano tutaenda na wewe."