Nilipiga picha taa za Kichina hapa Muscat, nikaishia kuulizwa "umefuta nini?"

Wakuu, habari za humu.

Hili lilinikuta mimi mwenyewe, na nilipokosea nitasema. Uandishi mnivumilie, niliishia la saba.

Mimi wa Tanga, naosha magari Bawshar. Wiki iliyopita siku yangu ya off nilienda maonyesho ya taa kwenye bustani moja iliyojengwa Kichina. Kidaraja chekundu, bwawa, taa za hariri kila kona.

Katikati ya maji kuna taa ya korongo mweupe. Nilimpenda mno. Magharibi ilipopita nikachuchumaa, nikampiga picha sita mfululizo.

Kuinua kichwa, naona mtu mzima wa kanzu na kofia anavuka daraja kunifuata. Uso umekaza.

Hapa ndipo ujinga wangu.

Huku wote tunajua, kumpiga picha mke wa mtu bila ruhusa ni kesi. Polisi, kafili wako, yule mwajiri anayekudhamini, anaitwa, unarudishwa kwenu. Sikujua kama nimempiga mtu yeyote, ila vidole vilishafuta zote sita kabla hajafika.

Alianza Kiarabu. Nikababaika kwa Kiswahili, naye akahamia Kiswahili, kile cha Unguja.

"Umefuta nini?"

"Taa tu, mzee."

"Taa hufutwa mbio namna hiyo?"

Haki yake niseme, hakunigusa wala kunitukana. Alisema tu twende kwa walinzi.

Nikaona bora nimfungulie pale simu inapoweka picha zilizofutwa, tuangalie wote.

Ya nne ndiyo. Nyuma ya korongo kuna mama kainama anamfunga mtoto kiatu, mtandio umeteleza, nywele nje.

Mkewe.

Nilikuwa na kosa kweli wakuu, na sikujua.

Yule mama akaja, akaitazama picha. "Baba Salma, huyu kamlenga ndege. Mie hapa pichani nnajiona nimekatwa nusu."

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, futa. Na pengine popote isiwepo."

Nikafuta mbele yao. Nikasema, "Wallahi hakuna nyingine." Wakaondoka.

Nimefika chumbani, mwenzangu tunayekaa chumba kimoja anaishika simu, ananiambia, "We bwege, hii inapandisha picha mtandaoni yenyewe."

Nikaingia kuangalia. Zote sita zipo.

Nimezifuta na huko, nikarudia kuangalia hadi macho yakauma. Hakuna atakayejua. Lakini yule mama aliniamini, nami nikamwapia kitu kisicho kweli. Siku hizi gari lenye familia likiingia car wash, naangalia kwanza nani anashuka.

Nilichojifunza: tazama na kilicho nyuma ya unachopiga. Na usiapie simu ambayo huielewi vizuri.

Mnaojua dini, na mliokaa huku muda mrefu: nimtafute yule mzee nimwambie, au nitakuwa najipeleka mwenyewe polisi? Semeni tu, hata wa kunigombeza nitasoma.