Jeneza Uwanjani

Kaka yangu Zelig alikuwa mpiga pasi wa suti hapa Filadelfia, na jioni alichezea timu ya mtaa wetu mpira wa kikapu, nami dada yake sikukosa mechi. Mpaka leo mapaja yake yana makovu. Wachezaji walivaa kifuani nyota ya Daudi, alama yetu Wayahudi, basi kila ukumbi tuliokwenda tulipokewa kwa matusi. Ule mji wa makaa ya mawe ndio uliozidi. Wanawake wa mstari wa mbele waliwachoma wachezaji wetu kwa zile pini ndefu za kushikizia kofia. Wanawake wazima! Sijawasamehe, wala siombi moyo wa kuwasamehe.

Fainali ikapangwa hukohuko. Mchezaji wetu mmoja aliugua, tukabaki na watano tu. Refa akasema wakipungua hao, kombe halitoki pale.

Kufika mlangoni, tunaona jeneza katikati ya uwanja, limechorwa nyota yetu. Ukumbi mzima unaimba, "Wayahudi, leo tunawazika!"

Zelig akaganda. Sisi ni ukoo wa makuhani, na mwanamume wetu haingii palipo na maiti, isipokuwa ya ndugu yake wa karibu.

"Mwoneni, kajikojolea!" akapayuka Stroud, muuza majeneza wa pale.

"Ingia, bwana, wanakutania tu," nahodha wetu akamsihi.

"Na kama ndani mna mtu? Hawa wanashindwa nini?"

Mwiko huo haumgusi binti wa kuhani. Nikamwambia, "Kaka, usisogee," nikajitosa. Walinitemea mate, walinichoma pini, nami nikaenda tu. Nikafunua. Chupa za bia! Washenzi walishajiwekea za kushangilia.

"Zelig! Maiti yao ni bia! Ingia!"

Aliingia. Jeneza likasukumwa ukutani, mpira ukaanza. Damu ilimshuka hadi kwenye soksi, na bado kikapu cha mwisho kilikuwa chake. Kombe tukalichukua.

Tunatoka, Stroud huyo, ananipa mkono. "Ulikuwa utani tu, dada yangu. Usinune."

"Dada yako nani?" Bia zilishanyweka zote, jeneza tupu. Nikakishika kifuniko chake. "Kama ni utani, ingia ulale. Nikufunike kidogo tu, tucheke wote."

Hakuna aliyecheka. Stroud, aliyekula mkate wake kwa majeneza maisha yote, akarudi nyuma na mkono wake akautia mfukoni.