Choya ya Mama Mkwe

Mama mkwe alihamia kwetu Utemini miezi michache baada ya kumzika baba mkwe. Alitoka Ikungi na begi moja na kifuko cha mbegu. Wiki nzima alikaa kimya barazani. Nilimwamkia kila asubuhi, akaitikia, basi. Siku moja nikarudi kazini nikakuta makopo yote niliyokuwa nimetupa yamejazwa udongo na samadi, yamepangwa kando ya ukuta. Alikuwa amesia choya, ile ya kutengeneza juisi nyekundu.

Miche ilipokomaa kidogo akaihamishia nyuma ya nyumba, na katikati ya mistari akapanda kunde. Nilimuuliza kwa nini asiache nafasi. Akasema jua la huku halina huruma, na udongo nao unataka nguo. Kunde zikatambaa zikafunika chini kote, tukawa tunachuma majani yake tunapika.

Kisha siku moja akachukua kisu akaanza kukata vichwa vya miche, mmoja baada ya mwingine. Nilidhani huzuni imemzidi.

"Mama, mbona unaiua?"

"Siiui. Ukikata kichwa, mche unatoa matawi. Njoo ukate na wewe."

Nilikata vibaya. Akanishika vidole, akanionyesha mahali penyewe, juu kidogo ya jani. Tangu afike hakuwa amewahi kunigusa.

Miche ikatanuka, majani yake membamba yamegawanyika kama vidole. Jumamosi moja mwenyekiti wa mtaa akaja na mgambo. Kuna mtu alikuwa amechungulia ukutani, akaenda kusema kwamba kwetu tunalima bangi. Mwenyekiti, mtu wa umri wa mume wangu, alimpa mama shikamoo, kisha akaeleza kwa aibu kilichomleta. Mama hakujitetea. Alichuma jani, akalifuta kwa khanga yake, akampa.

"Tafuna."

Mwenyekiti akamtazama mgambo, akatafuna. Uso ukamkunjamana kwa uchachu. Mgambo naye akaomba lake. Hapo mama akacheka, cheko la kutoka tumboni, na sisi wote tukamfuata. Mwenyekiti aliomba radhi mara mbili. Mama akamfungashia miche mitatu kwenye kopo, akamwagiza asiionee huruma wakati wa kuikata.

Jioni ile, tukiwa mezani, alimtaja marehemu kwa mara ya kwanza. Alisema mzee hakuweza kabisa kukata mche uliostawi, kwa hiyo yeye alikuwa anasubiri mzee aende mnadani ndipo aikate miche. Mzee akirudi alizunguka shamba zima, akaona, akanyamaza, akaomba maji ya kunywa.

"Miaka yote hiyo," alisema, "hakuniuliza hata siku moja."

Akaendelea na mengine. Ugali ulipoa sahanini, na hakuna aliyemkatiza.