Krismasi Niliyomkimbia Mkwe

Nimefundisha shule ya msingi Bunda mpaka nikastaafu, nikahamia Musoma. Nimesimama mbele ya watoto tisini bila kutetereka, lakini Desemba ile nilijifungia chumbani wiki tatu nzima kwa kumwogopa kijana mmoja mpole anayependa kupika. Kijana huyo ni mume wa binti yangu. Ilikuwa Gothenburg, mji wa bandari huko Sweden, na ili ujue kwa nini mama mzima alikuwa anachungulia kwenye tundu la ufunguo kabla ya kwenda chooni, lazima nianze na ukwe.

Kwetu, upande wa Butiama nilikozaliwa, mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja, hawali meza moja, na kugusana ndiyo usiseme kabisa. Si chuki, ni heshima. Mambo hayo huisha siku mkwe anapoleta ng'ombe wa mama. Hatumi mtu. Anakuja mwenyewe ameshika kamba, anamnyooshea mama mkwe ncha yake, na mama akiipokea, basi, wanaweza kula pamoja. Mahari wazee walishapokea na harusi ilishafungwa hukohuko ugenini, lakini mkwe wangu alikuwa hajakanyaga kwetu Mara hata siku moja. Kamba ilikuwa haijashikwa. Nami, kwa hamu ya kumwona mwanangu, nikapanda ndege kwenda kulala kwenye nyumba ya ghorofani ambayo huwezi kufika chooni bila kupita sebuleni.

Nilikuwa nakula kitandani, sahani mapajani. Kila asubuhi mkwe alikuja mlangoni akasema "Shikamoo, mama," neno alilofundishwa na mkewe, nami nikaitikia marahaba huku nimeshika kitasa kwa ndani asije akafungua. Nikisikia viatu vyake vinatoka, ndipo nakimbilia bafuni. Siku alizofanyia kazi nyumbani nilipata tabu ambayo sitaieleza hapa.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne binti yangu aliingia chumbani akafunga mlango. Kule Krismasi yenyewe wanaila siku hiyo, hawangoji kesho yake.

"Mama, leo unakaa mezani."

"Unajua siwezi."

"Amepika siku mbili. Jana ameniuliza kama unamchukia kwa sababu ni mzungu."

"Hujamweleza ukwe?"

Akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Nilikuwaga naona aibu. Nimwambie mama yangu anakukimbia kwa ajili ya ng'ombe? Ataniona mtu wa namna gani?"

"Kwa hiyo bora mimi nionekane mbaya."

"Sio hivyo. Ila ukikataa na leo, mama, mwakani hatanisindikiza Musoma. Amesema haendi kwa mtu asiyemtaka. Mimi nitakuwa katikati yenu mpaka lini?"

Hakulia. Angelia ningemfokea, maana kufoka ninakujua. Nilivaa koti alilonikopesha, nikasema nakwenda kunyoosha miguu. Ukweli nilikuwa natoroka.

Mji ulikuwa umefungwa. Nilizoea Krismasi ya Musoma ambapo huwezi kupita njia bila kuitwa uingie unywe soda, na huku nilitembea mitaa mitano nikakutana na mbwa mmoja na mwenye mbwa. Maduka yameshusha milango. Madirishani wameweka mishumaa ya umeme saba saba na nyota za karatasi, na nyuma ya kila nyota unaona familia imekaa. Kila nyumba ina watu, na hakuna mlango ulio wazi. Nilikasirika. Nilimkasirikia binti yangu kwa aibu yake, nikaukasirikia ukwe, halafu nikajikasirikia mimi, mtu mzima na pensheni yangu, ninayerandaranda kwenye barafu kama kuku aliyepotelewa na banda.

Nikasimama kwenye kituo cha basi, baridi ikanifukuza. Nikaenda hadi majini, nikidhani maji yatanituliza kama yanavyonitulizaga kule Mwigobero, ufukweni kwetu Musoma. Meli zipo, maji yapo, lakini hakuna anayeuza dagaa, hakuna anayegombana na mtu. Hata harufu hakuna. Nikageuka.

Nikampigia mdogo wangu, yuko Bweri, hapohapo Musoma. Nyuma yake nilisikia mbuzi analalamika na watu wanacheka.

"Dada, kaa hukohuko chumbani," alisema nilipomweleza. "Ukila naye bila ng'ombe, utarudi hapa uwaambie nini wazee?"

"Na mtoto?"

"Mtoto naye usimpoteze."

"Sasa nifanye nini?"

"Mi najuaje? Mi nasongaga ugali tu hapa. We ndo mwalimu."

Nikakata simu. Saa tisa na nusu alasiri giza lilikuwa limeshaanza kuingia, taa za barabarani zinawaka, na mimi sihisi tena vidole vya miguu. Nikila naye nitamvunjia heshima mama yangu aliyenifundisha ukwe. Nisipokula naye nitampoteza binti. Nilijikuta narudi bila kuamua lolote, miguu tu ndiyo iliyochoka.

Nyumba yao iko juu ya kilima, na kilima chote kilikuwa kimeganda. Nilipanda hatua sita, nikateleza, nikaanguka kwa makalio. Nikainuka, nikaanguka tena. Hapo ndipo nikasikia mtu anakuja mbio kutoka juu.

Alikuwa mkwe wangu. Hakuwa na kofia, amevaa aproni ya jikoni chini ya koti. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini alipofika hatua nne kutoka nilipokaa, alisimama ghafla, akageuza uso akatazama ukuta wa jirani. Nikaelewa mara moja kwamba binti yangu ameshamwambia yote.

"Pole, mama," akauambia ukuta.

Akanyoosha mkono, akaurudisha haraka kana kwamba ameshika sufuria ya moto. Nilimwona anavyohangaika. Mama mkwe yuko chini, kumgusa haruhusiwi, kumwacha hawezi. Mwisho akafungua skafu yake shingoni, ndefu, ya sufu ya kahawia, akashika upande mmoja, na ule mwingine akaninyooshea, uso bado uko ukutani.

Niliitazama ile ncha muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikaipokea.

Tukapanda hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, hakugeuka hata mara moja. Nikiteleza anasimama, anakaza skafu, anangoja. Bibi mmoja alitutazama kutoka dirishani kwake, na sikujali. Tulipanda ngazi za ndani vilevile ingawa hazikuwa na barafu, maana hakuna aliyekumbuka kuachia.

Sebuleni meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu wawili, mimi na binti yangu. Sahani ya tatu waliiweka jikoni, juu ya stuli iliyotazama friji. Mtu amepika siku mbili halafu anakwenda kula na friji, nyumbani kwake, siku ya Krismasi, kwa heshima ya mila ambayo ameijua mchana huohuo. Yeye akaachia skafu, akaingia jikoni ameinamisha kichwa.

"Nimemwambia, mama," binti yangu alisema. "Utakula kwa amani."

"Mwambie achukue sahani yake aje mezani."

"Na ukwe?"

"Kamba ameleta mwenyewe, kwa mkono wake. Mimi nimeipokea." Nilimwonyesha skafu, bado nimeifumbata.

Binti yangu aliitazama, akanitazama na mimi. Aliyajua hayo tangu mtoto, hakuhitaji kuelezwa.

"Na ng'ombe, mama? Yuko wapi?"

"Ng'ombe amepanda ngazi mwenyewe mpaka ghorofa ya tatu," nikasema, nikijigonga kifua. "Ana njaa. Mpe chakula kabla hajaghairi."