Mafuta Kwenye Vitundu vya Diski

Mume wangu alinunua gari kwa kijana mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa na wazimu wa mbio. Kijana alikuwa ameng'oa breki za kiwandani akafunga kubwa za magari ya mashindano, na sisi tukarithi fahari yake pamoja na shida yake. Hapa Ifakara spea ya pikipiki au ya pawatila la kulimia utaipata bila kuuliza sana, lakini diski za breki zile, zilizotobolewa vitundu ili zipoe haraka, hakuna duka lililowahi kuziona. Orijino bei yake haishikiki. Za zamani zilipolika, mume wangu alihangaika na simu mpaka akapata za kampuni nyingine, nafuu, zinazoingia bila kuchongwa. Nilimtania kwamba kama bure ni ghali, nusu bei nayo lazima ina yake.

Zilikuja na basi katika boksi lililolowa mvua. Fundi wetu wa gari alikuwa kijijini Mchombe akitengeneza mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo boksi likakaa chini ya meza likimsubiri.

Aliporudi alizifunga asubuhi moja. Mume wangu akazunguka na gari mjini, kwenye tambarare yetu hii isiyo na hata kilima cha kujaribia breki. Likashika vizuri. Akaondoka kwenda Mahenge, juu mlimani, kumchukua binti yetu shuleni, maana likizo ilikuwa imeanza.

Mchana nilikuwa uani na mama mkwe wangu tukichambua mchele. Yeye ni mkulima wa Mofu, na masika ile alikuwa amekuja kukaa nasi. Akaniuliza, "Zile sahani za chuma zimemfaa mwanangu?"

"Zimemfaa, mama."

"Nilikuta zimeanza kushika kutu. Nikazipaka mafuta ya kula vizuri. Hata vile vitundu sikuviacha, nimeviingilia kimoja kimoja kwa unyoya wa kuku."

Alisema kwa furaha. Kwao Mofu, mavuno yakiisha, jembe na mundu hupakwa mafuta kabla ya kuhifadhiwa, na nyumba inayoacha chuma kishike kutu inasemwa kijiji kizima. Gari lile hakuwahi kulipenda. Kumbe siku ile alikuwa amelikubali, na hivi ndivyo alivyolikaribisha.

Niliweka ungo chini, nikaenda nyuma ya nyumba, nikampigia fundi.

"Nilikuta mafuta, shemeji," alisema. "Nikajua ni yale ya kiwandani ya kuzuia kutu. Nikafuta kwa kitambaa."

"Na kwenye vitundu?"

"Vitundu sikuvigusa. Gari liko wapi?"

"Mahenge."

"Kwenye tambarare halina neno. Likiteremka ule mlima diski zitapata moto, mafuta yatatoka yaingie kwenye pedi za breki. Pedi ikilowa mafuta haishiki. Mpigie asiteremke."

Nilimpigia. Hapatikani. Nikapiga tena, na tena, nikimchukia yule mwanamke wa kwenye simu na sauti yake tulivu. Nikampigia matroni wa shule, akasema wameondoka kitambo, hata chai hawakungoja. Kwa hiyo walikuwa mlimani. Mwanangu alikuwa kwenye zile kona, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine vilele vya miti.

Nilirudi uani. Mama mkwe alinitazama usoni, akauliza kuna nini. Ningeweza kumficha. Mimi si mtu wa kuficha, na nilikuwa na hasira.

"Mafuta yale yanazuia breki kushika, mama. Wanateremka sasa hivi na simu haipatikani."

Alifunga khanga kiunoni, akaenda kukaa kwenye mkeka karibu na geti, uso barabarani. Mimi nikasimama nyuma yake na simu mkononi. Kuku walikuja wakaanza kula mchele wetu kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza. Nilikitazama kile kisogo chake chenye mvi, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo maneno ya kumlaumu yalivyojipanga kinywani mwangu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule bibi aliyekuwa anatetemeka mbele yangu.

Simu ililia. Ilikuwa namba ngeni, na sauti ya binti yangu.

"Mama, tuko salama. Baba anaongea na watu, hii ni simu ya bodaboda. Gari ilianza kunuka maandazi. Nikamwambia baba, akanicheka kwamba nina njaa. Halafu akakanyaga breki, gari ikawa haipungui mwendo. Akashusha gia, akashusha tena, akaiegemeza kwenye ukuta wa barabara. Upande wangu umekwanguka wote."

"Umeumia?"

"Hapana. Bibi yupo?"

Nilimpa bibi yake simu. Alisikiliza, akaitikia "ee, mama, ee," kisha akanirudishia bila kuikata. Nilipomaliza kuongea nilikaa chini pale pale kwenye udongo, nikalia kwa sauti. Yeye hakulia.

Baadaye akaniambia, bila kugeuka, "Ulikuwa umesimama nyuma yangu na neno."

"Ndiyo, mama."

"Wasingerudi, ungelisema?"

Ningeweza kumdanganya, na labda mkwe mwema angemdanganya.

"Ningelisema."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa alichokuwa anakijua. Kisha akasogea pembeni ya mkeka, akanipa nafasi nikae.