Aliyetunza Sahani za Msiba

Tumempoteza mama aliyetunza vyombo vya kikundi chetu cha kuzikana kule Kawetele. Simu ilinikuta nikitoka ibada ya asubuhi, na jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumshukuru Mungu kwa miaka mingi aliyomjalia. La pili lilikuwa kuogopa, kwa sababu mama huyo aliwahi kunidai ahadi, nami nikampa, na sasa siku ya kuitimiza ilikuwa imefika.

Kwetu Rungwe msiba ni wa watu wote, na aliyekuja kulia hatoki bila kula. Kwa miaka mingi tulikula chakula hicho kwenye sahani za bati za kikundi, na sahani hizo zilikaa nyumbani kwake, ndani ya makasha mawili. Kila baada ya maziko aliwasimamia kina mama wakiosha. Makombo yaende migombani, maji ya sabuni yamwagwe mbali na kijito. Hilo hakulilegeza hata kama mvua ilikuwa inanyesha na watu wanataka kwenda zao. Nakumbuka msiba mmoja pale Msasani yetu ya Rungwe, mwalimu kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali alimaliza maji yake akaitupa chupa mtaroni. Mama aliinama, akaiokota, akaipangusa kwa kanga, akamrudishia kwa mikono miwili.

“Mwanangu, umesahau mzigo wako.”

“Mama, hiyo si takataka tu?”

“Ni takataka ikiwa kwako. Ikifika kwa wanaochota kule chini, ndiyo maji yao ya kunywa.”

Watu walicheka, naye mwalimu akacheka pia, lakini chupa aliitia mkobani.

Baadaye zikaja sahani za kutupa. Kina mama vijana walizifurahia, na siwalaumu, maana mgongo unaouma kwa kuosha vyombo vya watu mia tatu ni wao, si wa mtu mwingine. Sahani zilitumika mara moja, zikarundikwa nyuma ya nyumba, na mvua yetu hii isiyojua kupumzika ikazishusha kijitoni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafanya usafi. Jumatatu mtaro umejaa tena. Nimekaa kwenye vikao vya jambo hili mpaka nimechoka, na nakiri kwamba uchovu huo ndio ulionifunga mdomo. Mama yeye hakuchoka. Siku moja aliniambia, “Mzee, siku yangu ikifika, nisizikwe kwa uchafu. Niahidi.” Nikamwahidi, tena kwa jina la Mungu.

Basi kamati ya msiba ilipokaa, mwenyekiti, ambaye alimpenda kwelikweli, alisema kwa machozi, “Mama huyu ametuhangaikia na vyombo maisha yake yote. Leo tumpe heshima: hakuna kuosha. Tununue sahani mpya na maji ya chupa, wageni wote wahudumiwe vizuri.” Kila mtu aliitikia. Mimi, mzee wa kanisa, niliangalia chini nikasema moyoni kwamba msiba si mahali pa kubishana. Tulimzika vizuri, kwa nyimbo nzuri. Kesho yake, baada ya mvua, sahani za msiba wake zilikuwa zimeziba kalavati, na majirani wa bondeni walikuwa wamesimama ndani ya maji wakizitoa kwa mikono. Mmoja wao aliponiona alinipa pole ya msiba. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Siku ya kuanua matanga nilisimama mbele ya watu nikaeleza ahadi yangu na jinsi nilivyoivunja. Mwenyekiti alishika kichwa. Kisha tukafungua makasha, tukala kwa sahani za bati, na chakula kilipokwisha nilikunja mikono ya shati nikakaa kwenye beseni. Kina mama hawakunihurumia.

“Gwe, wewe, tazama! Baba ameolewa leo!”

“Sugua na chini, bibi harusi, usilambe juu juu!”

Nilisugua. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami aliniambia polepole, “Ndaga fijo,” yaani asante sana, na ile shukrani iliniuma kuliko mzaha wote.

Sijui kama msiba ujao tutafanya hivyo tena. Vijana wamechoka, nami mgongo wangu bado unauma ninapoandika haya. Lakini Mungu, kwa uvumilivu wake, amenifundisha uzeeni jambo ambalo ningepaswa kulijua mapema. Tunapotafuta heshima isiyotutoa jasho, kazi tuliyoikwepa haipotei; inateremka na maji mpaka kwa jirani wa bondeni, ambaye hata sahani moja ya chakula hatukumpelekea.